Je, wajua kwa nini majina ya wachangiaji huandikwa daftarini msibani?

Ingia msiba wowote Tanzania, uwe wa Mbagala, wa Tanga mjini au wa kijijini Muleba. Karibu na turubai utakuta meza ndogo, na juu yake daftari. Mara nyingi ni kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula: jina, anakotoka, fedha, vitu. Mwandishi ni mtu anayeaminika, aghalabu kijana mwepesi wa hesabu, na mzee mmoja ameketi pembeni yake. "Mama Asha, 2,000 na sukari kilo moja." "Vijana wa bodaboda, kijiweni, 35,000." "Bibi wa nyumba ya pili, mzigo wa kuni." Siku ya kuanua tanga mtu husimama na kusoma: makusanyo kiasi hiki, matumizi haya na haya, salio wamekabidhiwa wafiwa.

Wengi huuliza, hasa vijana: kama mchango unatoka moyoni, kuandikana kwa nini? Jibu linalosikika zaidi ni kwamba watu wanapenda majivuno, au wanataka wapate pa kudaiana baadaye. Wapo wanaoshauri liwekwe sanduku lenye tundu, kila mtu atumbukize alichojaliwa na kwenda kuketi. Ushauri huo una nia njema, lakini ukifuatwa utaua kitu ambacho hakuna serikali wala kampuni ya bima iliyoweza kukifanya kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Tuanze na hoja ya dini, maana ndiyo yenye uzito. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anawakataza wafuasi wake kutoa sadaka ili watazamwe na watu. Katika Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 271, sadaka ya wazi inasifiwa, lakini ile anayopewa fukara kwa siri inatajwa kuwa bora zaidi. Mafundisho hayo yanahusu sadaka kwa mhitaji, na yapo kwa sababu nzuri: asiye na kitu asigeuzwe jukwaa la mwenye nacho kutafutia sifa. Rambirambi, au ubani kama wasemavyo pwani, haiendi kwa mhitaji peke yake. Huandikwa kwa tajiri vilevile.

Hapo ndipo panaponivutia mimi kuliko mahali pengine popote katika habari hii. Mfanyabiashara mwenye maduka matatu akifiwa na mama yake, daftari hufunguliwa kama kawaida. Mama anayeuza vitumbua humpelekea 1,000 yake, na mfanyabiashara huipokea kwa mikono miwili. Elfu moja haimsaidii kununua hata sanda. Lakini akiikataa, mtaa mzima utaelewa kwamba amejitoa. Kuipokea ndiko kunakomfunga: siku muuza vitumbua atakapofiwa, hana pa kusemea kwamba hayamhusu. Mfuko wa kusaidia maskini tu ungemwacha tajiri nje ya mlango, na kila mara watu wangengoja kuona kama ameamka na huruma. Daftari linamweka ndani, kwenye mstari mmoja na wengine.

Pengine dhana potofu inatokana na kuchanganya mambo mawili. Tumezoea kuona hafla za kuchangisha ambapo mgeni rasmi anatangaziwa kiasi chake kwa kipaza sauti na watu wanapiga makofi. Kenya jambo hilo lilifika mahali pabaya hadi sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka katika kuchangisha harambee. Katika hafla ya aina hiyo fedha hutoka kwa mkubwa kwenda kwa wadogo, na yeye hategemei hata siku moja kuchangiwa na wale waliompigia makofi. Daftari la msiba lina viasi vidogo vinavyozunguka, leo kwako, kesho kwa mwenzako. Kutangaza jina kunafanana, kazi ya kutangaza ni tofauti kabisa.

Na hilo la kudaiana? Ni kweli wafiwa hulihifadhi daftari kabatini kwa miaka. Jirani akifiwa hulitoa, hupitisha kidole kwenye majina, huona alileta 5,000 na debe la mahindi, nao hurudisha kadiri ile au na nyongeza kidogo. Ila deni lina mkopeshaji na lina siku ya kulipa. Hili halina. Mtu anaweza kuchangia misiba thelathini kabla haujamfika wa kwake, na mpangaji aliyehamia mwezi uliopita akafiwa wiki hii. Wa misiba thelathini haendi kumdai yeyote. Alichokuwa akinunua miaka yote hiyo ni uhakika kwamba siku yake ikifika hatakuwa peke yake. Hiyo ni bima, isipokuwa haina ofisi.

Ili kuona inavyofanya kazi, tazama jeneza linavyobebwa pwani katika maziko ya Waislamu. Wanaume hupokezana. Mmoja huweka bega, hupiga hatua chache, humpisha aliye nyuma yake, na jeneza husonga mbele juu ya mabega ya watu hadi makaburini. Uzito wake haukupungua hata kidogo. Kilichopungua ni muda ambao bega moja linaubeba. Sasa weka fedha mahali pa jeneza. Chukua, kwa mfano tu, kitongoji chenye kaya 100 ambako msiba hugharimu shilingi 1,000,000. Kaya iliyo peke yake lazima izipate ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa maiti haingoji mavuno. Ng'ombe huuzwa kwa bei ya kutupa, shamba huwekwa rehani, ada ya shule huliwa. Kaya zote 100 zikitoa 10,000 kila moja, kazi imekwisha jioni ile ile. Na kama kila kaya itapata msiba mmoja katika miaka mingi, mwishowe kila moja itakuwa imetoa karibu milioni ile ile. Hakuna aliyetajirika. Mzigo umekatwa vipande ambavyo kila mtu anaweza kuvibeba bila kuuza kinachomlisha.

Lakini msafara wa jeneza una kishawishi chake. Ukiwa mrefu, anayejikalisha nyuma bila kuweka bega atafika makaburini sawa na wengine. Wakiwa wawili hawaonekani. Wakiwa nusu ya msafara, walio mbele wataelemewa, watageuka kutazama nyuma, na kesho nao watajikalisha. Kinachozuia hilo njiani ni macho ya watu: kila mmoja anaona ni nani alisogea. Fedha haina macho hayo. Elfu kumi iliyotolewa na elfu kumi iliyoahidiwa zina sauti moja mdomoni. Ndiyo maana panahitajika maandishi. Daftari linamwonyesha aliyetoa na aliyepita kimya, na kwa kusomwa hadharani linamlinda mweka hazina asisingiziwe, na linawalinda wafiwa ili yeye asimege fedha zao. Zaidi ya yote linapambana na kusahau. Kati ya msiba wako na wa jirani inaweza kupita miaka kumi, na hakuna kichwa kinachoweza kutunza mizani ya kaya 100 kwa miaka kumi. Sanduku lenye tundu lingefuta kumbukumbu hiyo yote kila jioni.

Utaratibu huu si mpya. Watu waliohamia Dar es Salaam wakati wa ukoloni waliunda vyama vya watu wa kwao, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwazika wenzao waliofia ugenini. Ethiopia kuna iddir, yaani vyama vya kuzikana, ambavyo kwa kawaida wanachama wake hulipa ada kila mwezi kabla msiba haujatokea. Kwetu vyama vya kufa na kuzikana vipo mijini na vijijini, vingi vikiwa na katiba, mwenyekiti, katibu na faini.

Ushahidi uliochambuliwa kwa makini unatoka Nyakatoke, kijiji cha Bukoba Vijijini mkoani Kagera. Mwaka 2000 watafiti walizihoji kaya zote 119 za kijiji hicho, si mara moja bali mara kadhaa ndani ya mwaka, na wakamuuliza kila mtu anamtegemea nani akipata shida na nani humtegemea yeye. Wanauchumi Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipozichambua takwimu hizo waliona jambo la kuvutia. Mtu akiugua, chakula cha kaya yake hakikuyumba kupita cha wengine: kijiji kizima kilikuwa kama kimelibeba hilo. Matumizi mengine yasiyo ya chakula hayakulindwa na kijiji kizima namna hiyo, na hapo uhusiano wa mtu na watu wake wa karibu ndio uliohesabika. Ni kijiji kimoja, na swali lao lilihusu ugonjwa, kwa hiyo tusikifanye kisemee nchi nzima. Lakini kinaonyesha kwamba misaada midogo midogo inayoonekana kama desturi tu huingia hadi kwenye sufuria.

Ramani ya nani anamtegemea nani Nyakatoke ilionyesha na upande wenye kuuma: maskini walikuwa na watu wachache wa kuwategemea kuliko wenye uwezo. Undugu, ujirani, dini na mali vyote viliamua nani anaungana na nani. Ndiyo hatari kubwa ya daftari, na inafaa isemwe wazi. Aliyeshindwa kutoa mara tatu huanza kuona haya, huacha kuhudhuria, kisha siku yake inamkuta nje. Vyama vyenye busara huizuia hatari hiyo kwa kupokea kila kitu: ndoo za maji, kuni, ndizi, kuosha masufuria, kuchimba kaburi. Yule bibi wa mzigo wa kuni ameandikwa katika ukurasa ule ule na vijana wa bodaboda.

Upo pia ukomo ambao hakuna daftari linaloweza kuuvuka. Kupokezana kunawezekana ikiwa misiba inapishana. Kagera wanalijua hili kwa uchungu. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotambuliwa mkoani humo mwaka 1983 na kuenea miaka iliyofuata, misiba ilifuatana kiasi kwamba jamii zililazimika kupunguza siku za matanga, kwani watu wangemaliza msimu wa kilimo wakiwa wameketi mikekani. Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi mjini Bukoba na vijijini kwa mpigo, na aliyezoea kumchangia jirani alikuwa naye amelala nje. Hali kama hiyo inahitaji msaada kutoka mbali, kwa watu ambao hawakuguswa.

Hapo simu imebadilisha mambo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Wanauchumi William Jack na Tavneet Suri waliokuwa wakizifuatilia kaya za Kenya walikuta kwamba zile zisizoitumia zilipunguza matumizi yao kwa takriban asilimia 7 zilipopatwa na pigo, ilhali zilizoitumia hazikutikisika, sababu mojawapo ikiwa fedha zilizotumwa na ndugu na marafiki. Msafara wa jeneza umerefuka hadi Mwanza, Muscat na London.

Daftari nalo limehamia humo humo. Fungua kundi la WhatsApp la kamati ya msiba uone: orodha yenye namba, jina, kiasi, na neno "imelipwa" au "ahadi". Kila anayetuma huinakili orodha nzima, huongeza mstari wake na kuirudisha kundini. Hakuna aliyewafundisha. Teknolojia ingewaruhusu wachangie kwa siri kabisa, nao wamechagua kuonana.

Kinachobishaniwa sasa kwenye mikutano ya vyama vingi ni mahudhurio. Mwanachama aliye mjini hutuma 50,000 na kudhani amemaliza, wakati wa kijijini ametoa 2,000, amelala matangani siku tatu na ameshika jembe makaburini. Vipo vyama vilivyoamua kwamba fedha haifuti siku: jina huitwa maziko yanapofanyika, asiyekuwepo bila udhuru hutozwa faini hata kama mchango wake ulikuwa wa kwanza kuingia, na faini hiyo huandikwa daftarini mbele ya jina lake.