Nesi wa nyumbani siyo CPS, jamani

Nimechoka kusikia kwamba sisi ni CPS, ile idara ya serikali ya kulinda watoto inayoweza kumchukua mtoto. Juzi tena mama mmoja wa Kikongo, mimba yake ya kwanza, kaghairi dakika za mwisho sababu dada wa kanisani kamwambia ukimfungulia mlango huyo nesi wa serikali basi mtoto akizaliwa tu wanambeba.

Mimi ni nesi natembelea majumbani hapa Marekani, pesa inatoka MIECHV, yaani mfuko wa serikali kuu wa kutembelea familia zenye mimba na watoto wadogo, na sheria ya 2010 iliyoianzisha inasema wazi kujiunga ni hiari. Ukichoka unatoka, hata katikati. CPS anakuja kwa sababu kuna mtu kakushtaki, mimi nakuja kwa sababu wewe mwenyewe umesaini.

Halafu mnahangaika kudeki na kuficha vyombo kabla sijafika! Masufuria siyaangalii. Naangalia pale mtoto anapolala, kama kuna mto au blanketi zito naomba vitolewe alale chali, na kama hana kitanda tunatafuta kitanda, umaskini siyo kosa la kuripotiwa. Naangalia pia mnavyoongea, maana mtoto wa miezi miwili ukimwambia neno kisha ukanyamaza ukamsubiri, atakujibu kwa kasauti kake, na mama akiliona hilo mara moja hahitaji tena mimi kumhimiza aongee naye. Yale maswali 10 ya Edinburgh, ya kupima kama mama ana sonona, ndo yananiumiza zaidi, mtu analia kila usiku ila anajibu hapana, hapana, hapana, akidhani akisema ndiyo kaisha. Sema, ndo nikutafutie daktari!

Ila vipeperushi vyetu vinaficha kitu. Nikiona dalili kwamba mtoto anaumizwa, sheria ya jimbo inanilazimisha niripoti. Kwa hiyo huyo dada hofu yake haijatoka hewani, na mimi hilo nalisema siku ya kwanza kabla sijavua koti.

Na matokeo nayo siyo ya kujigamba kila mahali. Elmira, New York, mtafiti David Olds alikoanzia mpango wa manesi kutembelea majumbani 1977, baada ya miaka 15 kesi za kutesa na kutelekeza watoto kwa familia zilizotembelewa zilikuwa pungufu karibu nusu kuliko kwa zisizotembelewa. Uingereza wakaujaribu mpango huohuo, majibu ya 2016 hayakuonyesha tofauti kwenye sigara za wajawazito wala uzito wa vichanga. Nadhani ni kwa vile kule mama yeyote tayari anapata mkunga na nesi wa bure, ila siwezi kuapa.

Ukipigiwa simu, uliza: nani anakulipa, unaandika nini kuhusu mwanangu, nani anakisoma? Nesi akishindwa kujibu hayo, mkatae.