Baji Wanaobalehe: Maswali na Majibu kuhusu Tabia za Kupandana kwa Kasuku Wadogo wa Nyumbani

Baji ni kasuku wadogo wenye asili ya Australia, wenye uzito wa gramu 30 hadi 40 hivi, na siku hizi wanafugwa katika nyumba nyingi za Arusha na Moshi, vizimba vyao vikiwa vimening'inizwa barazani au vimewekwa sebuleni karibu na televisheni. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wafugaji wapya huuliza ndege wao wanapofikisha kati ya miezi minne na mwaka mmoja, umri ambao ndege huwa na hamu ya kupandana ilhali mwili wake haujawa tayari kuzaa.

Swali: Tulinunua baji wawili wakiwa makinda, na sasa wana kama miezi mitano. Dume anamlisha mwenzake mdomoni na kumpanda. Je, ni ugonjwa, au ni mapema mno?

Si ugonjwa. Kuanzia miezi mitatu hadi minne baji hupukutisha manyoya ya utotoni: mistari myeusi iliyokuwa imefika hadi juu ya pua hurudi nyuma na kuacha paji jeupe au la njano, na jicho lililokuwa jeusi tii huanza polepole kuonyesha duara jeupe. Hapo homoni zimekwisha kuamka. Dume huimba kwa sauti ya chini isiyokatika, hutikisa kichwa juu na chini, hugonga mdomo wa jike kwa mdomo wake, kisha hucheua mbegu na kumlisha. Jike aliyekubali huinama kijitini, akainua mkia na kutulia.

Kitendo chenyewe hakimdhuru ndege. Kinachomdhuru jike mchanga ni mayai yanayofuata. Yai moja la baji lina uzito wa takriban gramu mbili, na jike hutaga mayai manne hadi sita, moja kila baada ya siku moja, kwa hiyo katika muda usiofika wiki mbili anatoa mwilini mwake uzito unaokaribia au kuzidi robo ya uzito wake mwenyewe. Kalsiamu ya maganda hayo, chakula kisipoitosheleza, huchotwa kwenye mifupa. Ndiyo maana jike asitage kabla ya kutimiza angalau mwaka mmoja, na ndiyo maana majibu yote ya hapa yanalenga kuzuia mayai badala ya kumwadhibu ndege kwa kuwa amekua.

Swali: Nitatambuaje dume na jike? Muuzaji aliniambia wote ni madume.

Tazama ngozi laini iliyo juu ya mdomo, yenye matundu mawili ya pua. Kwa dume mchanga ngozi hiyo ni ya zambarau au waridi, na akikomaa huwa ya buluu iliyokolea. Ya jike mchanga ni nyeupe au ya buluu iliyofifia, yenye duara jeupe kuzunguka matundu, na anapokuwa tayari kutaga hugeuka kahawia na kukwaruza kama gamba la mti. Madume ya baadhi ya rangi, hasa ya njano tupu na nyeupe tupu, hubaki na pua ya waridi maisha yao yote, na hao huwakosesha hata wauzaji wenye uzoefu. Jambo moja la kuzingatia: dume aliyekuwa na pua ya buluu, kisha ikageuka kahawia, apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mabadiliko hayo mara nyingi ni dalili ya uvimbe kwenye korodani, maradhi ambayo baji hupata mara nyingi.

Swali: Hatujawawekea kiota wala sanduku. Kwa nini basi wanataka kuzaa?

Kwa sababu nyumba imewaambia kwamba wakati umefika. Kule Australia baji huishi katika nyika kavu ambako mvua haina msimu wa uhakika. Hawangojei mwezi fulani wa mwaka, bali hungoja dalili: mvua imenyesha, majani yametoa mbegu, chakula kimejaa, na mti una pango la giza ambamo jike anaweza kujificha. Dalili hizo hizo tunawapa sisi bila kujua, tena mwaka mzima.

Tuanze na mwanga. Arusha na Moshi ziko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana wetu haubadiliki hata kwa nusu saa kutoka Januari hadi Desemba. Jua likizama saa 12:30 jioni, ndege angepaswa kulala muda huo huo, lakini taa ya sebuleni inawashwa, taarifa ya habari inaangaliwa, kisha tamthilia, na kizimba kinafunikwa saa nne usiku. Ndege amepata mchana wa saa kumi na tano ambao haupo kabisa katika maeneo yetu. Ninashauri hatua hii iwe ya kwanza kabla ya nyingine zote: kizimba kihamishiwe chumba kisicho na taa wala kelele saa moja usiku na kifunuliwe saa moja asubuhi, kila siku bila kuruka, kwa wiki tatu hivi. Kitambaa kiwe kizito na kiache nafasi ya hewa. Majike wengi hupoa kwa hatua hiyo pekee.

Kisha chakula. Bakuli linalojazwa ulezi, uwele na alizeti asubuhi hadi jioni ni sawa na msimu wa mvua usiokwisha. Kijiko cha chai kimoja na nusu hadi viwili vya mbegu kwa kila ndege kwa siku kinatosha, pamoja na majani ya sukuma wiki, figiri au kipande cha karoti. Kwa kipindi hiki ondoa yai la kuchemsha, mbegu zilizooteshwa, mkate uliolowekwa na kila chakula laini au cha uvuguvugu, kwa sababu hivyo ndivyo vyakula vya kulelea makinda. Kupunguza huku kusigeuke kuwashindisha njaa. Mwili mdogo kama huo hauhimili kukaa siku nzima bila chakula. Na kwa kuwa parachichi limejaa kila bustani ya mkoa wa Kilimanjaro na vitongoji vya Arusha, ninasisitiza kwamba baji asipewe tunda hilo, jani lake wala kijiti cha mti wake, kwa kuwa lina sumu inayoua ndege kwa kudhuru moyo. Vijiti vya mpera au mkaratusi ni salama na wanapenda kuvibandua maganda.

La tatu ni mapango. Jike anayetafuta kiota huingia nyuma ya kabati, chini ya kochi, ndani ya kikombe kilicholala, na huchana karatasi vipande vidogo vidogo. Ondoa chungu, kibuyu, kifuu cha nazi na kijumba cha kitambaa ndani ya kizimba. Ziba nafasi za nyuma ya samani anapotolewa kuruka. Na baada ya siku kadhaa badilisha mpangilio wa vijiti au usogeze kizimba upande mwingine wa chumba, kwa sababu jike hupata moyo wa kutaga mahali alipopazoea.

Mwisho ni sauti, ambayo wengi hawaifikirii. Wimbo wa chini wa dume huamsha ovari za jike hata kama hawagusani, kwa hiyo kuwatenganisha katika vizimba viwili vilivyopangwa ukuta mmoja husaidia kidogo tu. Wakitenganishwa, wawe vyumba tofauti. Hata zile rekodi za baji wakiimba, ambazo watu huwachezea ndege wao kwa simu ili wasipweke, ziachwe kwa wakati huu.

Swali: Mimi nina dume mmoja tu. Anacheulia mbegu kwenye kioo na kujisugua kwenye mwanasesere wake. Anaumwa?

Amempata mchumba asiyekuwepo. Anaona baji mwingine ndani ya kioo, anamwimbia, anamlisha, na yule hapokei, hivyo anaendelea kutwa nzima. Mbegu zilizocheuliwa huganda kwenye kioo, na wengine hupungua uzito. Ondoa kioo na mwanasesere huyo, umpe vitu vya kutafuna na kutafutia chakula, na ukae naye zaidi. Unapomshika, mkune kichwani na shingoni pekee, kwa maana kupapaswa mgongo, chini ya mabawa au tumboni ni ishara ya kupandana kwake.

Tofautisha kucheua na kutapika. Anayecheua hukilenga kitu anachokipenda, kichwa kikienda juu na chini kwa mpangilio, na yuko mchangamfu. Anayetapika hutikisa kichwa ovyo huku na huku, mbegu na ute vikimnatia manyoya ya usoni, kisha hujikunyata. Huyo wa pili ni mgonjwa na anahitaji daktari.

Swali: Watoto wanawaona wakipandana sebuleni na mimi ninaona haya. Niwarushie maji au nigonge kizimba?

Haya yako inaeleweka, mama, lakini ndege aliyetishwa hajui alilokosea. Anachojifunza ni kukuogopa wewe. Toa sauti ya kawaida, wape jani la kuchezea au hamisha mmoja kijiti kingine. Watoto waambie kwa upole kwamba ndege wamekua na bado si wakati wao wa kutaga. Kuku wa uani wameshawafundisha zaidi ya hapo.

Swali: Jike wangu wa miezi saba ametaga sakafuni mwa kizimba, na hana dume. Nilitupe yai?

Jike hutaga bila dume kama kuku afanyavyo, na yai hilo halitaanguliwa. Usilitupe. Jike anayenyang'anywa mayai huendelea kutaga ili kufidia, na kila yai jipya linamnyonya zaidi. Mwachie ayaatamie. Kuatamia kwa kawaida ni siku 18, na yasipoanguliwa atayachoka mwenyewe baada ya wiki tatu hivi. Hapo ndipo uyaondoe. Ikiwa dume yupo, yachemshe mara tu yanapotagwa, yapoe kabisa, kisha yarudishe.

Wakati huo mpe kalsiamu: mfupa wa ngisi unaoletwa kutoka Pwani, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa dakika kumi, yakaanikwa na kusagwa. Mchicha usitegemewe kwa kazi hii, kwa kuwa una asidi inayoifunga kalsiamu isitumike. Kalsiamu nayo haifyonzwi bila vitamini D, basi mtoe nje apate jua la asubuhi, kizimba kikiwa na upande wa kivuli na mtu akiwa karibu kwa ajili ya kunguru na paka. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo. Ukiona kinyesi kikubwa chenye harufu kali asubuhi usishtuke; jike anayeatamia hujizuia kwa saa nyingi.

Swali: Ni dalili zipi za hatari?

Yai lililokwama. Jike huketi sakafuni akiwa amefura manyoya, macho nusu yamefumbwa, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Anajikamua bila kutoa kitu, na miguu yaweza kulegea kwa sababu yai linabana mishipa ya fahamu. Anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mweke katika boksi dogo lenye chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, pamoja na kitambaa kibichi cha kuleta unyevu, joto likiwa kama nyuzi 30, na umpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja kesho. Piga simu kwanza umwambie ni ndege, si kuku.

Usimbinye tumbo wala kulivuta yai, kwa maana likipasukia ndani huua. Na usimpashe joto kwa jiko la mkaa, hata usiku wa Julai ambapo baridi ya Arusha ni kali: moshi wa mkaa usioonekana humuua baji kabla binadamu hajahisi chochote.

Swali: Naweza kumpa kidonge cha uzazi wa mpango kilichosagwa kwenye maji?

Hapana, kwa kiasi chochote. Zipo dawa za homoni ambazo madaktari hutumia kwa ndege wanaotaga mfululizo, lakini hutolewa baada ya kumpima na kumchunguza ndege mwenyewe.

Swali: Ni lini basi niwaruhusu?

Jike akitimiza mwaka, akiwa na uzito mzuri, mifupa imeshiba kalsiamu, na dume asiwe ndugu yake wa kiota kimoja, jambo ambalo ni la kawaida kwa ndege wawili walionunuliwa siku moja kwa muuzaji mmoja. Muulize kabla ya kununua. Makinda hutoka kiotani wakiwa na siku 35 hivi, na mara nyingi jike hutaka kutaga tena kabla hawajaondoka. Mruhusu mizao miwili kwa mwaka, kisha toa sanduku nje ya kizimba, lioshe na kulianika juani, na urudi kwenye ratiba ya giza la saa moja usiku.