Je, wajua kwa nini rm, amri ya kufuta faili katika Linux, hufuta hata diski iliyopachikwa?

Watumiaji wengi wa Linux huamini kwamba diski iliyopachikwa kwenye saraka (yaani iliyounganishwa na folda ili faili zake zionekane ndani yake) iko salama saraka ile ikifutwa, kwa kuwa diski ni kifaa kingine na saraka ni mlango tu wa kuifikia. Imani hiyo inatokana na viungo vya ishara (symlink), yaani njia za mkato za kufikia faili, ambavyo kweli ukivifuta kinaondoka kiungo na faili zinabaki. Kupachika si kiungo.

Tuseme ofisi moja ya Chake Chake imeweka picha za harusi kwenye diski ya nje iliyopachikwa kwenye /home/kazi/picha, kisha mtu akaandika rm -rf /home/kazi, yaani futa saraka hiyo na vyote vilivyomo bila kuuliza, ili kusafisha kompyuta. Mwishoni anapata ujumbe kwamba saraka ya picha haikuweza kuondolewa kwa sababu inatumika, naye anashusha pumzi akidhani picha zimesalimika. Ukweli ni kinyume chake: ujumbe huo unahusu saraka peke yake, na hadi unapotokea, picha zote ambazo alikuwa na ruhusa ya kuzifuta zimekwisha kufutwa.

Fikiria nyumba mbili za Mji Mkongwe zilizounganishwa kwa wikio, ile njia ya ghorofani inayovuka kichochoro. Aliyeagizwa kutoa vyombo vyote katika nyumba ya kwanza huingia chumba baada ya chumba, na akifika kwenye wikio huvuka bila hata kushuka chini; kwa kuwa hakuna aliyemkataza, hutoa na vya jirani. Ndivyo inavyofanya rm: saraka haifutiki mpaka iwe tupu, kwa hiyo amri huanzia ndani kabisa ikirudi nje, na keneli, kiini cha mfumo endeshi, huikatalia pale tu inapotaka kuondoa sehemu yenyewe ya kupachikia.

Chaguo la --one-file-system huiamuru rm ilinganishe namba ya kifaa cha kila saraka na ya ile iliyoanzia, na isivuke zikitofautiana. Kwenye FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, kazi hiyo hufanywa na -x. Hata hivyo, ukiitaja /home/kazi/picha moja kwa moja, namba ya kuanzia inakuwa ya diski hiyo hiyo na kinga inapotea; ndiyo maana mwaka 2018 rm ya GNU, ile itumikayo kwenye Linux nyingi, iliongezewa --preserve-root=all, inayokataa saraka iliyotajwa ikiwa iko kwenye kifaa tofauti na saraka inayoibeba. La ajabu zaidi ni saraka iliyopachikwa mahali pengine ndani ya mfumo ule ule wa faili: namba ni moja, basi --one-file-system haioni mpaka wowote, na faili za asili zinafutwa.

Kwa hiyo njia ya uhakika zaidi ni kutazama orodha ya findmnt, amri inayoonyesha vilivyopachikwa, kisha kutumia umount kuipachua diski kabla ya kufuta. Baada ya hapo, faili zilizokuwamo katika saraka ile kabla diski haijapachikwa huonekana tena, nazo sasa zinaweza kufutwa, kwa kuwa kilichokuwa kimezifunika kimeondoka.