Joto la Kaskazi Halitoki kwenye Tundu la Ozoni

Kaskazi ikikaza, kuanzia Januari hadi Machi, barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kahawa chungu hainyweki siku mbili bila ozoni kutajwa. “Jua la zamani halikuwa hivi,” atasema mzee mmoja huku akijipepea. “Ni hili tundu la ozoni.” Wote wataitikia. Nami niliyefundisha jiografia kwa miaka mingi nilikuwa nikinyamaza kwa adabu. Sinyamazi tena. Kosa hili linatufanya tumlaumu asiyehusika, huku mhusika akipita mbele ya macho yetu.

“Joto hili ni la tundu la ozoni”

Tundu lenyewe liko juu ya Antaktika, zaidi ya kilomita 6,000 kusini mwa Mombasa. Huanza kufunguka Agosti, hupanuka sana Septemba na Oktoba, na kwa kawaida hujifunga kufikia Desemba. Maana yake ni kwamba kaskazi inapotuchoma Februari, tundu tunalolisingizia halipo hata huko liliko kwao.

Tena neno “tundu” linapotosha. Hakuna mahali ambapo anga imetoboka. Ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako, lau ingeshushwa hadi usawa wa bahari na kushindiliwa kwa kanieneo la huku chini, ingekuwa tabaka la kama milimita 3 tu. Wanasayansi hupima unene huo kwa yuniti za Dobson, na yuniti 100 ni milimita moja. Wastani wa dunia ni karibu yuniti 300. Antaktika ikishuka chini ya 220, ndipo wanaposema tundu limefunguka.

Lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza ni hili: sisi wa ikweta tuna ozoni chache kuliko watu wa Ulaya, na hatukuibiwa na mtu. Ozoni nyingi hutengenezwa juu ya tropiki, kwa sababu jua kali la huku ndilo linalozipasua molekuli za oksijeni, na atomi zake zikajiunga tatu tatu kuwa ozoni. Lakini mikondo mipana ya hewa ya juu huichukua ozoni hiyo polepole kuelekea ncha za dunia. Tunaioka sisi, inaliwa kwingine. Kwa hiyo juu ya pwani yetu huwa kati ya yuniti 250 na 280 hivi, na ndivyo ilivyokuwa kabla ya friji ya kwanza kutengenezwa.

Ongeza hapo jua la utosini. Karibu tarehe 10 Machi, na tena karibu tarehe 4 Oktoba, jua hupita wima juu ya Mombasa. Simamisha mti ulionyooka uwanjani siku hiyo ya Machi, mnamo saa sita u nusu mchana, na utaona kivuli chake kimekwisha, kimejikunyata shinani. Miale ikishuka wima hupita kwenye ozoni kwa njia fupi kabisa, ndiyo maana urujuanimno, miale ya jua isiyoonekana ambayo ozoni huimeza, ni mkali huku. Mkali kwa macho na ngozi, si kwa joto: miale hiyo ni sehemu ndogo mno ya nguvu ya jua. Joto la kaskazi ni la bahari iliyopata moto na unyevu unaozuia jasho kukauka, na joto linaloongezeka mwaka hadi mwaka ni kisa cha kaboni dayoksaidi na gesi wenzake.

Watu weusi hujiambia kwamba miale hii haiwahusu. Ngozi yetu inatukinga kwa kiasi kikubwa, ni kweli, lakini jicho halina weusi wa kulikinga. Mvuvi anayekaa kwenye ngalawa mchana kutwa hupigwa na jua la juu na lile linalorudi kutoka majini, na urujuanimno ni mojawapo ya visababishi vya mtoto wa jicho. Kofia pana si mapambo.

“Setilaiti inaipiga picha ozoni”

Ozoni ya juu haionekani kwa macho. Kinachopimwa ni mwanga unaorudi. Chukua leso mbili, moja nyepesi iliyochakaa na nyingine mpya yenye uzi wa kushiba, uzianike kambani, kisha usimame nyuma yake ukilikabili jua. Huhitaji kuzigusa kujua ipi nzito: utaona kwa mwanga uliopenya. Setilaiti hufanya jambo la jinsi hiyo. Hutazama mwanga wa jua ulioingia angani ukatawanywa na kurudi juu, ikalinganisha mawimbi ambayo ozoni huyameza sana na yale ambayo huyameza kidogo. Pengo kati yake ndilo linaloeleza unene. Kifaa cha kupimia cha TOMS kilirushwa ndani ya setilaiti ya Nimbus-7 mwaka 1978, OMI ikafuata kwenye setilaiti ya Aura mwaka 2004, na TROPOMI ya Ulaya mwaka 2017.

Hata hivyo, si setilaiti iliyotangulia kulitangaza tundu. Walikuwa Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakitumia kifaa cha Dobson kilichowekwa ardhini kwenye kituo cha Halley, Antaktika. Walichapisha matokeo yao Mei 1985. Kuna hadithi kwamba kompyuta za NASA ziliitupa data ya tundu kwa kuiona haiwezekani. Si hivyo. Programu iliwekwa itie alama ya shaka kwenye vipimo vilivyo chini ya yuniti 180. Vilitiwa alama na kuhifadhiwa, na wataalamu walikuwa wakivichunguza. Ardhi iliwatangulia kusema, setilaiti ikathibitisha na kuonyesha upana wa jambo.

Ndiyo maana ninaithamini kazi ya Anne Thompson wa NASA, ambaye mwaka 1998 alianzisha mtandao wa vituo vya puto za ozoni katika tropiki ya kusini, unaoitwa SHADOZ. Nairobi imo. Puto hupanda na kisanduku chenye mmumunyo wa iodaidi ya potasiamu. Hewa ikipulizwa ndani, ozoni huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na ukubwa wa mkondo huo ndio kipimo. Hupanda hadi kilomita 30 au zaidi, kisha puto hupasuka. Setilaiti ikitazama kutoka juu, ozoni ya stratosfia, yaani ya tabaka la juu la anga, ambayo ni kama asilimia 90 ya yote, huifunika ile ya chini. Puto humenya anga tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Bila vituo hivi tungekuwa tunaambiwa habari za anga yetu na chombo kisicho na wa kukisahihisha.

“Moshi wa makaa unatoboa ozoni”

Hapa nitakwenda taratibu, kwa kuwa ndani ya kosa hili mna ukweli uliokaa vibaya.

Moshi wa makaa, wa jaa linaloungua au wa matatu hauliharibu tabaka la juu. Kukata mikoko ni uharibifu mkubwa, lakini hakuhusiani na tabaka hilo pia. Moshi hufanya kinyume kabisa: husaidia kutengeneza ozoni, ila huku chini tunakovuta pumzi. Oksaidi za naitrojeni kutoka kwenye injini na mioto, zikichanganyika na mivuke ya mafuta na kupigwa na jua, huzaa ozoni. Molekuli ni ile ile moja, atomi tatu za oksijeni. Ikiwa kilomita 25 juu ni mwavuli. Ikiwa puani huchoma mapafu, humsumbua mwenye pumu na hudhuru mimea. Malori yanayopanga foleni Changamwe kungoja bandari hutoa malighafi hiyo hiyo, na jua la kuipika tunalo tele.

Wala ozoni hii ya chini haipandi kwenda kuziba pengo la juu. Hudumu wiki chache tu.

Jack Fishman, mwanasayansi wa anga wa Marekani, alitumia setilaiti kuyaona haya kwa upana. Alichukua jumla ya ozoni yote, akatoa ile ya stratosfia, akabaki na ya chini. Kwenye mabaki hayo kukatokea bonge kubwa la ozoni juu ya Atlantiki ya kusini, upande wa pili wa bara letu, ambalo hukua wakati wa msimu wa kuchoma nyika kusini mwa Afrika. Radi nazo huchangia. Moshi wetu, basi, unaonekana kutoka angani, lakini kwa kesi tofauti na ile tunayoushtakia.

“Gesi nzito haipandi”

Mhusika wa kweli nilimkuta Majengo, kwenye karakana ya fundi friji. Alikuwa amelaza friza kuukuu ya samaki, mojawapo ya zile zinazoingia bandarini zikiwa zimetumika. Alikata mrija, na gesi ikatoka kwa mlio mrefu, ikiacha ukungu na umande wa baridi kwenye shaba. Nikamuuliza kwa nini haikusanyi kwenye mtungi.

“Mwalimu,” akanijibu, “hii gesi nzito kuliko hewa. Yashuka chini, yaishia baharini. Itafikaje huko juu kwa ozoni?”

Swali zuri, na ni kweli R-12, gesi ya friji za zamani, ni nzito kama mara nne kuliko hewa. Lakini hewa haitulii kama maji ya kisimani. Upepo na mawingu ya mvua huikoroga mchana na usiku, na molekuli moja moja hazizami. Tazama tope la Mto Sabaki linavyoipaka Malindi rangi ya kahawia kilomita nyingi, ilhali udongo ni mzito kuliko maji. Tope mwishowe hutua, gesi haitui. Imepimwa kwa puto na ndege huko juu, ipo. Ikifika, urujuanimno huivunja na kuachia klorini, na chembe moja ya klorini huangamiza maelfu ya molekuli za ozoni. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza hili mwaka 1974, na mwaka 1995 wakashiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Crutzen.

Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuachana na gesi zinazoharibu ozoni, ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na nchi zote za Umoja wa Mataifa zimeiridhia. Sekretarieti yake iko hapa kwetu, Nairobi. Imefaulu. Makadirio ya mwaka 2022 yanasema tabaka litarudi hali ya 1980 kufikia karibu 2040 katika sehemu nyingi za dunia, na karibu 2066 juu ya Antaktika. R-22 ya viyoyozi nayo imepangiwa kuachwa katika nchi zinazoendelea ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mtungi wa kukusanyia unauzwa wapi. Kisha tukainama pamoja kusoma kibandiko cha friza, kilichokuwa bado kimeshika nyuma ya kompresa: R-12. Gesi hiyo hudumu hewani karibu miaka 100.