Ulianza kuumwa saa ngapi?

Mtu akianza kuharisha, lawama hukiangukia chakula cha mwisho. Ni zile chipsi za jana usiku, basi, kesi imekwisha. Sisi tunaochunguza milipuko ya magonjwa ya chakula huwa hatuharakishi hivyo. Tunauliza kwanza: ulikula saa ngapi, na tumbo lilianza saa ngapi?

Chukua harusi. Pilau imeliwa saa saba mchana. Kufika saa kumi wageni kadhaa wanatapika mfululizo, homa hakuna. Hapo tunashuku sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hakijapakuliwa: ya Bacillus cereus, bakteria wa wali uliolala nje, au ya Staphylococcus aureus, anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikono ya wapishi. Sumu hizi huanza kusumbua kati ya nusu saa na saa 8 hivi baada ya kula. Kupasha kiporo hakuziondoi. Bakteria watakufa, sumu itabaki.

Harusi ileile, lakini wageni wanaamka saa nane usiku tumbo linasokota, wanaharisha, kutapika hakupo. Hapo nauliza habari za nyama. Ilichemshwa lini, na ikalala wapi? Bakteria aitwaye Clostridium perfringens ana mbegu zinazohimili kuchemshwa, na sufuria kubwa likiachwa lipoe lenyewe usiku kucha, huzaliana humo kwa raha. Dalili zake huja baada ya saa 6 hadi 24.

Kuhara kukiambatana na homa siku moja au mbili baadaye, bakteria wa Salmonella huingia kwenye orodha, ingawa anaweza kuchelewa hadi siku 6. Homa ya ini aina ya A huchukua siku 15 hadi 50. Nani anakumbuka alichokula mwezi uliopita?

Jodari aliyekaa bila barafu naye ana saa yake: dakika chache tu uso unawaka, kichwa kinagonga, na wengi hudhani ni mzio.

Muda peke yake hautoshi kuhukumu, maana hata dawa ya wadudu ikiingia kwenye unga hutapisha haraka. Ndiyo maana mabaki ya chakula yasimwagwe: yafunike, yaweke kwenye friji, mwite afisa afya. Mtajie pia waliokula wasiugue, na walikula nini. Anayeharisha damu, anayeona vitu viwiliviwili au anayeshindwa kumeza apelekwe hospitali kwanza, maswali yatamfuata huko.