Je, wajua kwa nini wanawake wa Lamu hudai haki zao kwa beti?

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, jirani na Lamu, na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Akamtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa wasia ambao hadi leo wasomi wanaugombania. Humo anasema mtu hapati raha ya dunia na akhera ila kwa radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Wengi huishia hapo, wakamhesabu Mwana Kupona kuwa mwalimu wa utiifu. Lakini mama huyo huyo anamwambia binti amtunze mume kama mtoto asiyejua kunena. Sasa hapo, nani mkubwa wa nyumba? Mimi niko pamoja na wanaosikia kicheko ndani ya beti zile.

Swali ni hili: mbona wanawake wa Lamu, hata leo ambapo kuna katiba, wakili na mahakama, jambo zito la ndoa au urithi hulipitisha kwanza kwenye utenzi, wimbo au mchezo wa kuigiza? Ukijibu kwamba ni mila, hujasema uongo, ila hujaeleza kitu.

Tazama kwanza nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa ajili ya sitara: unaanzia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani, na hata mlango ukiwa wazi mpita njia haoni waliomo. Ndani kabisa ndiko kwa wanawake. Zamani mwanamke wa kiungwana akitoka alitembea katikati ya shiraa, pazia la nguo lililobebwa na watumwa wake. (Hao waliobeba hawakuwa na shiraa wala wa kuwauliza haki zao, jambo ambalo masimulizi ya fahari ya mji hulipita haraka.) Maneno ya nyumba nayo yana sitara yake. Mke anayesimama barazani kumshtaki mumewe kwa jina amemvunjia heshima mume, amewavunjia wazee wake, na mara nyingi ndiye anayelaumiwa kuliko aliyemkosea.

Ushairi ndio unaomfungulia njia. Penye fumbo hapana jina. Anaimbwa jogoo anayewika kwa jirani au chombo kilichotelekezwa na nahodha, na kila aliyepo anajua ni nani, lakini hakuna awezaye kusema ametukanwa, kwa sababu akisema hivyo amejitaja mwenyewe. Halafu kuna kiitikio. Katika vugo, nyimbo za arusi ambazo wanawake huziimba huku wakigonga pembe za nyati kwa vijiti, mmoja anatoa neno na wote wanalipokea. Likishapokewa, lalamiko halina mwenyewe tena. Limekuwa la ukumbi mzima. Utamshtaki nani?

Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilikuwa mabingwa wa kazi hii katika miji ya pwani. Vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo, na aliyekosa adabu aliimbwa mpaka akajirekebisha. Watu huona ni ngoma tu ya kujifurahisha. Lakini humo wanawake walijifunza kuchangisha fedha, kuchagua viongozi na kusimamia umati. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake Waarabu wa Mombasa walipojiona wamenyimwa kura, wakaiandikia serikali ya kikoloni kuidai. Hawakuzuka tu, kizazi chao kilikuwa kimeshazoea kujipanga kwa njia ya vyama vya namna hiyo.

Utenzi una faida nyingine: haupotei kichwani. Kila mshororo una mizani nane, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unashika kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti hadi tamati. Asiyejua kusoma anaubeba. Nimeutunga huu kwa mfano:

Baba tulipomzika
minazi ikagawika
jina langu likaruka
hali nikiangalia.

Hakutajwa kaka wala mji. Tena hauombi kitu kigeni: Sura ya An-Nisaa katika Qurani imempa binti fungu lake, nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na aliyemruka kabisa amevunja sheria ya dini anayodai kuifuata. Ndiyo maana ubeti kama huu huwachoma hata wazee ambao wangeikataa semina ya haki za binadamu mlangoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 27, inampa mwanamke usawa, ingawa kifungu cha 24 kinaacha nafasi kwa sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mjadala wa mambo hayo mawili ni mrefu.

Wanaume nao wamo. Mwaka 1974 Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, mwokaji mikate na imamu, alitunga Wasiya wa Mabanati kuwatahadharisha wasichana na hila za wanaume. Miaka hiyo kanda za kaseti zilipeleka mashairi nyumba hadi nyumba. Leo ni sauti za WhatsApp. Mwanamke asiyeruhusiwa kwenda mkutanoni anasikiliza akiwa jikoni.

Ila fumbo lina mwisho wake, na hapa ndipo siwaungi mkono wanaodhani onyesho likipigiwa makofi kazi imekwisha. Susan Hirsch, mtafiti kutoka Marekani aliyezifuatilia mahakama za kadhi Malindi na Mombasa miaka ya 1980, alikuta wengi wa walioleta kesi ni wanawake, na mara nyingi walishinda. Lakini ili kushinda iliwabidi wafanye kile walichofundishwa tangu utotoni wasifanye: kusimulia ya ndani, wazi, mbele ya watu. Wimbo unaweza kumpa mtu ujasiri wa kufika mlangoni pale, na kumwonyesha kwamba hayuko peke yake. Kuapishwa na kueleza ni juu yake.

Binti wa minazi ile, akienda kwa kadhi, ataulizwa yote aliyoyaacha nje ya ubeti: baba alifariki lini, ameacha wake na watoto wangapi, shamba liko upande gani, na nazi zake sasa anaangua nani.