Mwaka mzima wa kupigana na magari yaliyosimama

Raia akikutana na msafara wa malori ya jeshi barabarani hudhani idara ya usafirishaji kazi yake ni kuendesha. Mimi nilitumikia yadi ya magari ya rejimenti, kwanza kama fundi, baadaye kama sajini msimamizi, na kilichotutoa jasho zaidi ni magari ambayo hayaendi popote. Lori la biashara la masafa marefu linaweza kumaliza kilomita 100,000 kwa mwaka. La kikosi, wakati wa amani, mara nyingi linatembea elfu chache tu. Siku nyingine zote liko kwenye mstari wake yadini, likitupiwa jicho na kila mkubwa anayepita, likionekana zima.

Si zima. Betri inajimaliza yenyewe polepole hata kama hakuna taa iliyosahaulika. Tairi likibeba mzigo mahali pamoja kwa miezi linapata bapa upande wa chini, na siku ya kuondoka dereva anasikia usukani ukitikisika. Sili za mpira zinakauka na kuanza kuvujisha. Mbaya zaidi ni tanki la dizeli lililoachwa nusu: hewa iliyobaki juu ya mafuta ina unyevu, usiku ikipoa unyevu unageuka matone, matone yanazama chini ya tanki, na pale maji yanapokutana na dizeli bakteria na kuvu huota na kufanya ute mweusi. Gari litawaka vizuri tu yadini. Litazima mlimani, likiwa na askari nyuma, kwa sababu ute umechotwa na kuziba filta.

Ndiyo maana matengenezo yetu hupangwa kwa kalenda sawa na kwa kilomita, chochote kinachotangulia. Mafuta ya breki, kwa mfano, hunyonya unyevu wa hewa hata kama gari halijaguswa, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka kama miwili. Tairi nalo lina umri. Angalia ubavuni kwenye maandishi yanayoanza na DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimekuta tairi za akiba ambazo hazijawahi kugusa lami, na bado mpira umejaa nyufa.

Kuna desturi ya kuwasha magari yote asubuhi ya Jumatatu, kuyaacha yangurume dakika kumi, kisha kuzima na kuandika daftarini kwamba yamefanyiwa mazoezi. Siipendi. Injini haijapata joto la kutosha kukausha unyevu ndani ya oili na ekzosi, betri imetoa umeme mwingi wa stata bila kurudishiwa wa maana, na giaboksi, difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu) na breki hazijafanya kazi yoyote. Bora kila gari litoke barabarani kwa zamu hadi lipate moto hasa, lipandishe, lishushe, lifunge breki, kisha lirudi na kujazwa tanki kabla ya kuegeshwa.

Miezi ya mwanzo wa mwaka huenda kwenye madereva. Leseni ya kiraia haitoshi. Kila aina ya gari ina mtihani wake, na dereva anatakiwa aweze kuendesha usiku bila taa kubwa, kutumia winchi, kuvuka maji na kurudi nyuma akiwa na tela. Hilo la tela limewanyenyekeza maluteni wengi kuliko gwaride. Boza la maji lina somo lake pia: lita 10,000 ni tani 10, na tanki likiwa nusu maji yanakimbilia mbele ukifunga breki, yanakimbilia ubavuni ukikata kona. Dereva mgeni huogopa boza lililojaa. Mzoefu huogopa lililo nusu.

Kisha unakuja ukaguzi wa mwaka. Wiki mbili kabla, yadi nzima inanuka rangi. Mkaguzi mjuzi hakunji uso kwa gari chafu. Anainama kutazama chini, na akiona rangi mbichi kwenye chasisi anauliza inaficha nini. Wakati huu ndipo kishawishi cha kunyofoa vipuri kinapokuwa kikubwa: una magari mawili mabovu, unatoa pampu ya hili unaweka kwenye lile, na asilimia ya magari mazima inapanda mara moja. Kama ni vitani na kamanda ameidhinisha, sawa. Kama ni kwa ajili ya ripoti, umetengeneza maiti kwenye kona ya yadi ambayo kila wiki itapungukiwa kitu, na mwisho hakuna atakayejua ilikosa nini tangu mwanzo.

Zoezi kubwa la mwaka ndilo watu wanalolikumbuka. Hesabu ya msafara ni rahisi kwenye karatasi. Magari 60, kila moja mita 100 kutoka lililotangulia, ni mstari wa kama kilomita 6. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa msafara unahitaji dakika 9 kupita njia panda moja. Barabarani, gari la kwanza likipunguza kidogo kwenye mteremko, la mwisho linalazimika kusimama kabisa, halafu linakimbizwa kufidia. Kwa hiyo magari mazito hutangulia, msafara hukatwa vipande vidogo vyenye viongozi wao, na gari la kuvuta mabovu hukaa nyuma pamoja na fundi. Baada ya saa ya kwanza tunasimama: madereva wanashika vitovu vya magurudumu kwa mkono kuona lipi limepata joto kupita mengine, wanakaza nati, wanatazama chini kama kuna kinachodondoka. Mavuno ya magari yaliyosimama huonekana hapo, saa ya kwanza.

Gari likikwama, linasogezwa pembeni na msafara unapita. Wafaransa walifanya hivyo kwa ukali kwenye barabara ya kutoka Bar-le-Duc kwenda Verdun mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza: lori lililoharibika lilisukumwa mtaroni ili mengine yasisimame. Upande wa pili wa shilingi ni Red Ball Express, misafara ya malori ya Wamarekani iliyopeleka mahitaji ya jeshi lao nchini Ufaransa, iliyoanza tarehe 25 Agosti 1944. Ilifikia karibu magari 6,000, wengi wa madereva wakiwa askari weusi, na siku moja ilisafirisha zaidi ya tani 12,000. Ilidumu hadi Novemba. Malori yalizidishiwa mizigo, yalikosa muda wa huduma, tairi zikaisha na injini zikachoka. Hapo gari lilikufa kwa kukimbia. Sisi wa wakati wa amani tunaliua kwa kulisahau.

Mafuta ni ugomvi wa kila jioni ya zoezi. Dizeli hutanuka kwa joto; lita 10,000 zikipoa nyuzi 10 zinapungua kama lita 80 bila mtu kuiba hata kikombe. Karani asiyejua hilo atamshuku dereva bure. Karani anayelijua sana naye apimwe, maana joto linaweza kulaumiwa kwa mengi.

Kurudi kutoka zoezini ni sehemu isiyopigwa picha. Kila mtu anataka kwenda nyumbani, lakini lori lililovuka mto halingoji: fungua oili ya difu, na kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ukiiacha hadi baada ya likizo, beringi zitakuwa zimeota kutu.

Robo ya mwisho ni makaratasi: maombi ya vipuri kabla bajeti haijafungwa, magari ya kufutwa, ratiba za sherehe. Jambo moja napigania hapo kuliko mengine, nalo ni mgawanyo wa kilomita. Kila kombania inaomba lori jipya lenye viti vizuri, na dereva naye ana kipenzi chake. Ukiwaachia, magari machache yatachakaa na mengine yataoza yakiwa na kilomita chache za kujivunia. Kwa hiyo ratiba ya mwaka ujao naandika kwa kuanza na gari lililotembea kidogo zaidi, na anayetaka lile jipya anapewa sababu kwa maandishi.